Kitabu Alichokisoma Amesimama

Maktaba ya shule,
Jumamosi, asubuhi.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani, na shemeji naye je? Mgongo wako umetulia, au bado unatembea kama mtu aliyemeza fimbo? Wanao nadhani wameshakupita kwa urefu, ingawa hilo si jambo gumu. Sisi ni wazima wa mwili. Mama, kule kwake, anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake, kwa hiyo yeye asikutie wasiwasi. Ila haya ninayokuandikia, tafadhali, yasimfikie.

Dada, naogopa. Unanijua tangu utotoni: radi ikipiga naingia uvunguni, nawe unanivuta miguu na kuniita Kobe mbele ya wageni. Hofu ya safari hii sina uvungu wa kukimbilia.

Watu hudhani mkutubi wa shule kazi yake ni kufuta vumbi. Shule ikipata fungu la vitabu, mimi ndiye ninayesoma kwanza, vya watoto na vya vijana, kisha navipeleka mbele ya kamati: mwalimu mkuu, mwalimu wa malezi na mwakilishi wa wazazi. Huyu mwakilishi ni mkandarasi, mkubwa wa mwili na wa sauti, na rafu zetu zote alizitengeneza yeye bila kudai chochote. Ungemwona anavyowaamkia wafagiaji, ungesema huyu ndiye mtu.

Safari hii nilipeleka hadithi ya msichana ambaye, kwa jinsi tu baba yake anavyofungua geti, anajua kama mama yake atapigwa. Si kitabu cha matusi. Kimeandikwa kwa upole, na mwishoni mama na binti wanapata pa kukaa. Mkandarasi alikifungua, akasoma kidogo, akakifunga.

"Bwana Vitabu," akasema, "mambo ya ndani ya nyumba za watu yanamhusu nini mtoto?"

Nikamjibu kwamba wapo watoto wanaoishi ndani ya nyumba hizo. Mwalimu wa malezi akaniunga mkono, kitabu kikapita. Mkandarasi akacheka, akanipiga begani. Bega liliniuma hadi siku ya pili, nami nikajiambia ni mkono wa fundi tu.

Sasa, binti yake anasoma kwetu, darasa la juu kabisa. Mtoto mkimya, daftari safi. Alikiona kitabu kile siku ileile nilipokipanga, lakini hakukiazima. Kila mapumziko alikuja akasimama nyuma ya rafu ya atlasi, akasoma amesimama, kengele ikilia anakirudisha kikiwa kimegeuzwa ukutani. Nilimpelekea kiti, akakikataa. Alipomaliza alinijia mezani, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei na anajua hana pesa:

"Mwalimu, aliyeandika hiki alishawahi kufika kwetu?"

Nikasema hapana, huyo yuko mbali, wala hapajui kwao.

"Basi amejuaje kuhusu geti?"

Dada, hapo nikaelewa. Sikumhoji. Nilimwuliza tu kama naweza kumwita mwalimu wa malezi, naye akaitikia kwa kichwa. Wakaingia chumba cha nyuma ninakobandika majalada. Mimi nikabaki huku mbele nikipanga upya vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangika. Mwalimu alipotoka hakunieleza yote, na sikutaka anieleze. Alisema, "Kesho asubuhi tunakwenda ustawi wa jamii, mimi na wewe. Usimwambie mtu."

Jioni hiyohiyo, wanafunzi wameshaondoka, mkandarasi akaingia. Mlango aliufunga mwenyewe. Kumbe jana yake binti alikuwa anamsimulia mama yake hadithi ile jikoni, na baba akasikia.

"Nani amekisoma kile kitabu?" akauliza.

Alikuwa ameketi juu ya meza yangu. Alichukua mkasi wa kukatia majalada, akawa anaufungua na kuufunga.

"Mzee, anachosoma mtoto humu ndani hatumwambii mtu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Hata mzazi wake?"

"Hata mzazi wake."

Akatabasamu. "Una watoto, Bwana Vitabu? Huwa nawaona wakitoka shule. Bado wadogo sana."

Akauweka mkasi mezani taratibu, ncha ikinielekea mimi, akaenda zake.

Asubuhi nilikuwa nimeshaandika ujumbe kwa mwalimu wa malezi kwamba naumwa tumbo, siwezi kutoka. Mama watoto akausoma juu ya bega langu kabla sijautuma. "Tumbo gani?" akauliza. Nikamweleza yote. Akaninyang'anya simu, akanipa viatu.

Afisa wa ustawi alikuwa mwanamke mwenye mafua makali. Alitusikiliza huku akijifuta pua, hadi nikadhani hatusikii. Kumbe anasikia. Mchana afisa akaenda na polisi nyumbani kwa mkandarasi, mwenyewe akiwa kwenye ujenzi wake. Mwalimu wa malezi aliongozana nao, baada ya kumpitia binti darasani. Anasema mama yule hakuuliza wanapelekwa wapi. Aliuliza tu kama wanaweza kuondoka sasa hivi, kabla hajapoza chai, kabla hajafunga madirisha. Wakaondoka madirisha wazi.

Mkandarasi alikamatwa, akahojiwa, akatoka kwa dhamana. Kesi bado haijasikilizwa. Kila siku gari lake husimama ng'ambo ya barabara, mkabala na shule. Hashuki. Anateremsha kioo na kuangalia, basi. Watoto wetu tumewapeleka kwa mjomba wao. Nyumba imekuwa kimya, na kabati tumelisogeza nyuma ya mlango. Tukitaka kutoka asubuhi inabidi tulisukume wawili, tunacheka kidogo.

Juzi mwalimu mkuu alikuja kuniomba nikiondoe kitabu kile rafuni, kwa usalama wa wote, mpaka mambo yapoe. Nikamwambia mimi sikitoi, ila kama anataka akitoe kwa mkono wake. Usiniulize ujasiri huo nimeutoa wapi, maana maneno yalitoka kabla hofu haijayawahi. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu, halafu akatoka mikono mitupu.

Sijui mama yule na binti yake wako wapi. Nimemwomba mwalimu wa malezi asiniambie, ili siku nikibanwa nisiwe na la kusema. Ila jana aliniletea ujumbe wa mtoto. Anaomba kitabu. Anataka kinene, kisichoisha haraka, na safari hii kiwe cha kuchekesha.

Ndiyo maana niko hapa leo, siku isiyo ya kazi, mlango nimeufunga kwa ndani, nachagua. Gari likipunguza mwendo barabarani naacha kusoma, likipita naendelea. Kumchekesha mtoto si kazi rahisi, Dada. Vitabu vingi vinajitekenya na kucheka vyenyewe.

Nisalimie shemeji. Wapwa zangu wabusu wote, hata yule mkubwa anayeona haya. Mwambie shangazi yetu wa huko kwenu kwamba namkumbuka. Mungu awafunike, asubuhi mkitoka na jioni mkirudi. Nasi utuombee, hasa ile siku ya kesi, maana nimeitwa kutoa ushahidi na nitakwenda.

Nilikuwa nimeshafika hapa nikataka kukunja karatasi, nikafungua kitabu kimoja cha mwisho. Ukurasa wa pili tu nimecheka kwa sauti, peke yangu, nikajiziba mdomo na kutega sikio kwa nje. Hakuna aliyekuja. Nimekiweka pembeni, ndicho atakachopelekewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikitetemeka,
Kobe