Ndagala Zinazoanikwa Mvuani

Jumatatu, 15 Machi 1999
Nimeteka maji, nimefagia, nimeenda shule. Mvua. Mama bado yuko Swima anaanika ndagala, zile samaki ndogo za ziwani. Atakuja hapa Baraka zikikauka. Koko, mama yake mama, alinibakishia muhogo wa kuchoma. Asante Mungu kwa Koko.

Jumanne, 16 Machi
Mvua tena. Mwalimu Maombi ametusomea hadithi. Mwindaji anasimulia jinsi chui anavyomaliza mbuzi wa kijiji, lakini kila sura yeye mwenyewe anapangusa mafuta mdomoni. Furaha, ninayekaa naye dawati moja, akapiga kelele: "Mwalimu, chui ni yeye!" Tulicheka sana. Mwalimu akauliza kama msimulizi kama huyu anaaminika. Akasema tutazame neno analolirudia. Wengine hudanganya kwa hila, wengine kwa maumivu.
Mama yuko Swima anaanika ndagala.

Alhamisi, 18 Machi
Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Ndagala kila ukurasa. Msimulizi yule ni mimi.
Ukweli: siku tuliyokimbia risasi Swima, mama alirudi nyumbani kuchukua sufuria yetu ya sikio moja. Sikumwona tena. Nilipofika hapa nilimdanganya Koko. Nilimwonea huruma. Hapana. Niliogopa kusema ukweli. Na kwa sababu yangu hakuna anayemtafuta mama. Naona haya.

Ijumaa, 19 Machi
Nimemwambia Koko yote. Nililia. Yeye alikuwa anamenya muhogo.
"Mi nilijuaka, mutoto yangu. Ndagala gani inakauka na hii mvula? Nilikuwa nangoja useme we mwenyewe."
Kumbe tangu nifike anamuulizia mama sokoni. Nashukuru hakuniamini.
Nilipotaja sufuria, aliweka kisu chini. Muuza chumvi mmoja anayetoka Kilembwe alimsimulia habari za mwanamke mkimbizi huko. Mgonjwa, hataji jina lake kwa mtu, na hataki kuachilia sufuria ya sikio moja. Koko hakujua kwamba sufuria ile ni yetu.

Jumapili, 21 Machi
Muuza chumvi ameondoka asubuhi kurudi Kilembwe, na barua yangu kwenye kitenge chake. Sentensi tatu, zote za kweli. Sijui kama mwanamke yule ni mama. Natumaini.
Tumesali. Mchana jua limetoka. Jirani ameanika ndagala mbele ya nyumba. Hizi nimeziona.