Sauti ya Restituta Kwenye Diski ya Zamani

Jumapili, 17 Agosti

Mchana kutwa na kwaya ya Kibaoni. Leo sauti ya Restituta peke yake, wenzake walimaliza jana. Nimezima feni isiingie kwenye maiki. Wote tumelowa jasho.

Ana goita, uvimbe wa tezi shingoni. Anakwenda kupasuliwa Mbeya na daktari amemwambia wazi kwamba sauti inaweza isirudi kama zamani. Ndiyo maana tumekimbizana hivi. Nyimbo zote katunga mwenyewe, nyingine Kiswahili, nyingine Kipimbwe, na hazijaandikwa popote. Akimaliza mstari anashika shingo, anameza maji ya uvuguvugu, anasema, "Twende." Wimbo wa mavuno umenitoa machozi. Mimi si mtu wa kulia kazini.

Nilitaka kunakili kila kitu kwenye diski ya akiba kabla sijafunga. Umeme ukakatika. Nimesubiri, wapi. Kesho alfajiri naenda Inyonga, baba mdogo kafariki. Nitanakili nikirudi.

Ujumbe wa apdeti ulitokea tena kwenye skrini. Sigusi. Saundi kadi yangu, kile kiboksi kinachopokea maiki, ni ya zamani, na mfumo mpya hauitambui. Nimesoma vilio vya walioumia. Karatasi niliyobandika juu ya skrini bado ipo: USIBONYEZE APDETI. Wino mwekundu. Gerald, mwenzangu wa studio, anaiona kila siku.

Jumatano, 20 Agosti

Nimerudi kutoka msibani. Karatasi haipo. Mfumo mpya, rangi mpya, kila kitu kimehamishwa. D, sehemu ya diski tunayohifadhia nyimbo, haipo.

Naandika polepole nisije nikachana daftari.

Gerald ni mtoto wa shangazi yangu na studio ni yetu wote wawili. Juzi alitaka kutengeneza biti. Ujumbe ukamkera, akabandua karatasi yangu, akabonyeza. Kompyuta ikazima na kuwaka, ikazima na kuwaka, ikarudi haiioni saundi kadi. Akababaika. Hakunipigia simu. Akaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi karibu na stesheni. Fundi akamwambia SSD iliyomo, yaani diski isiyozunguka, ni ndogo, imejaa, weka kubwa. Wakaweka. Ile ya zamani fundi kabaki nayo, ndivyo walivyokubaliana.

Alikuwa anatabasamu. "Dada Skola, nimekuboreshea mashine. Inawaka fasta, cheki."

Nikamwuliza kazi za kwaya ziko wapi.

"Si fundi kahamisha Documents zote?"

Hakuna wimbo hata mmoja uliowahi kukaa kwenye Documents. Nyimbo zote zilikaa D. Yeye mwenyewe anakaa kwenye kiti hiki, anafungua D, anahifadhi D. Halafu anasimama mbele ya fundi na kusahau kwamba kuna D.

Nimempigia kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Acha achungulie.

Alhamisi, 21 Agosti

Kwa fundi. Hakuinua hata kichwa, anakaza skrubu za laptop ya mtu. "Yule kaka alisema toa tu." Diski kaiuza. Ameifomati, kaifuta yote, ameweka mfumo mwingine, kampa mama mwenye stationery. Wapi? Inyonga! Nimetoka huko jana. Labda tulipishana barabarani, mimi kwenye basi, sauti ya Restituta kwenye mkoba wa mtu.

"Programu za kurudisha zipo, dada. Usiwe na presha."

Presha ninayo. Diski za kizamani, zile za kuzunguka, ukifuta kitu kinabaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Yetu ilikuwa SSD, na SSD haiko hivyo. Ukiifomati inaanza kujisafisha yenyewe, chumba kwa chumba, ili iendelee kuwa na kasi. Hii kasi ndiyo wanayotuuzia wote. Fundi anajua. Na mimi najua.

Naenda hata hivyo.

Ijumaa, 22 Agosti

Inyonga. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mwenye stationery anaitwa Mama Oliva. Watu walipanga foleni ya kutoa kopi. Nilijiandaa kugombana, nimejipanga njia nzima maneno ya kumwambia. Akanisikiliza, akawaambia wateja wasubiri nje, akanivutia kiti. "Kaa, mwanangu. Fanya unachotaka kufanya."

Diski yetu ilikuwa ndani ya kompyuta yake; nikaiwasha kwa flashi yangu, ili nisiandike chochote juu ya diski. Nikaiachia programu ipekue. Wateja wakaondoka mmoja mmoja. Mama Oliva akaniletea chai na mhogo, nikaviweka kando.

Hakuna kitu. Sio mkwaruzo, sio kipande. Sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa baada ya ukurasa. Safi kama haikuwahi kusikia mtu akiimba.

"Ilikuwa sauti ya nani?" akaniuliza.

"Ya mama mmoja wa Kibaoni."

"Amefariki?"

"Hapana."

Akaniangalia, anangoja niendelee. Nikachomoa flashi yangu. Alikataa kabisa kupokea chochote kwa muda wake.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimempigia Restituta. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nimemweleza yote: apdeti, fundi, Inyonga. Nikamwambia naweza kufika Kibaoni leo hii na laptop ya kuazima, turudie hata nyimbo mbili.

Nikamsikia akimeza maji.

"Skola, Jumapili ile niliimba na maumivu. Tangu siku hiyo nikitoa sauti ya juu inakatika. Kesho nasafiri."

"Hata mmoja, mama."

"Nimewaachia nyie sauti yangu mkaipeleka sokoni?"

Akakata.

Nina hasira na Gerald. Nina hasira na fundi. Nina hasira na hao watu wasionijua, waliokaa huko kwao wakaamua kompyuta yangu iliyokuwa inafanya kazi vizuri lazima ibadilike. Ukiwasha mfumo mpya unakukaribisha kwa maneno matamu: kila kitu kiko tayari kwa ajili yako. Nilitaka kuipiga ngumi.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda misa. Ningekaa kanisani nikimlaani mtu.

Mchana Gerald kaja na shangazi. Kaja na mama yake, mwanaume mzima! Shangazi kaanza kwa upole: nyie ni damu moja, kompyuta ni chuma, msivunje ukoo kwa ajili ya chuma. Nikamwambia shangazi, shikamoo yako nimekupa na heshima yako iko palepale, lakini hapa hatuzungumzii chuma.

Gerald akaona amepata mtetezi. "Na wewe mbona hukuweka bakapu?"

Umeme ulikatika akiwa hapa hapa. Yeye ndiye aliyetafuta tochi! Anajua nilikuwa nakwenda kuzika.

"Hata hivyo nusu ya mashine ni yangu," akasema. "Sikuhitaji ruhusa."

Nikachukua bisibisi. Nikafungua ubavu wa kompyuta mbele yao, nikachomoa SSD yake mpya, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia nusu yako hiyo hapo, nenda nayo, na spika chukua. Kesho usije.

Hakuomba msamaha. Hata mara moja. Shangazi ndiye aliyelia. Hilo linaniuma, lakini singeweza kusema vingine.

Jumatatu, 25 Agosti

Kompyuta haina diski. Studio haina spika. Nimefagia.

Jumanne, 2 Septemba

Mume wa Restituta, Mzee Deus, kapiga simu. Upasuaji umekwenda salama. Nimeshukuru, nimeshukuru kweli. Halafu nikauliza.

"Anaongea," akasema. "Ila ni kama upepo. Madaktari wanasema tusubiri."

Nimepata SSD nyingine. Nimeweka mfumo ule wa zamani, intaneti nimeing'oa kabisa, waya wote nje. Saundi kadi ikawaka taa ya kijani kama vile hakukutokea lolote. Nikaitukana. Taa ya kijani! Nimekaa mbele yake mchana mzima sina cha kurekodi.

Gerald kanitumia ujumbe mfupi: "Poa dada?" Nimefuta.

Jumatano, 17 Septemba

Wanakwaya wananipigia. Kila mmoja anauliza kaseti itatoka lini, bado wanasema kaseti. Restituta hajawaambia. Nimewaambia mimi, mmoja baada ya mwingine. Katibu wao kanitolea maneno makali nikayapokea yote. Wana haki. Mmoja akasema ana kipande alichochukua kwa simu. Kanitumia. Kuku, mtoto analia, Restituta kwa mbali sana. Nimekisikiliza mara moja tu nikashindwa.

Nikikutana na Gerald sokoni navuka barabara. Watu wameanza kuona. Waone.

Jumamosi, 11 Oktoba

Restituta kaja leo bila kutoa taarifa. Kateremka kwenye pikipiki na wifi yake Yusta, yule wa sauti ya pili kwenye kwaya. Kovu shingoni bado bichi, kalifunika kwa kitenge. Nikaanza kumwambia maneno niliyoyaweka muda mrefu. Akanyoosha mkono ninyamaze.

"Bado nimekasirika," akanong'ona. Sauti yenyewe imebaki ya kunong'ona. "Na wewe kasirika. Leo washa maiki."

Akakaa kwenye kiti karibu na Yusta, karibu kabisa na maiki. Anamnong'oneza mstari, Yusta anauimba. Akikosea anampiga kidogo kwenye goti, wanarudia. Yusta hana sauti kama yake, na anajua. Alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Wimbo wa mavuno ulichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu kuna mahali Restituta anataka pumzi ikatike katikati ya neno, na Yusta hapawezi. Mwishowe akapaweza.

Sikuzima maiki kati ya mistari. Nilinakili mara mbili kabla hawajanyanyuka kwenye viti, na Restituta alisimama nyuma yangu akiangalia.

Kisha akaomba asikie. Nikampa hedifoni. Kwenye wimbo nilikuwa nimeshusha minong'ono yake mpaka chini kabisa, kama inavyofanywa kwa sauti ya mtu anayefundisha. Akasikiliza amefumba macho. Akavua hedifoni sikio moja.

"Mimi mbona sipo?"

"Upo, mama. Nimekushusha ili Yusta asikike."

"Niongeze."

Nikamwongeza kidogo. Akatikisa kichwa. Nikaongeza tena, mpaka mnong'ono ukawa mbele na Yusta akawa anafuata nyuma yake, neno kwa neno.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."