Pumzi Ambazo Sikuzihesabu

Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila salamu hiyo. Miaka minne ulinifundisha uuguzi wodini, kabla hujastaafu, na shikamoo lilikuwa neno langu la kwanza kwako kila asubuhi.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Bado ninayo.

Walipokuleta kutoka Ipuli ilikuwa saa nane mchana, na mimi ndiye niliyekupokea. Jembe lilikuwa limekukata mguu kwenye shamba la karanga siku nne kabla. Nikakupima joto, nikacheka: "Mama, wewe huna hata homa." Ukanishika mkono. Vidole vyako vilikuwa vya baridi sana. Ukasema, "Mwaju, hesabu pumzi zangu."

Sikuhesabu. Nilidhani ni mazoea yako tu ya kutoa amri. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na bado nikaandika malaria, nikakulaza umsubiri daktari. Kichwani mwangu, maambukizi yakishaingia kwenye damu lazima mtu achemke. Wewe ulishatuambia kwamba mwili wa mtu mzima unaweza kupoa badala ya kuchemka, na kwamba pumzi zinazokwenda mbio ndizo dalili ya hatari. Niliyaandika hayo kwenye daftari, kwa mkono wangu. Ulipoanza kuniita kwa jina la marehemu dada yako, nikasema ni uchovu.

Daktari alikuja saa kumi na moja. Alikutazama mara moja tu, akaagiza dripu na sindano za antibiotiki, akauliza kwa nini hakuitwa mapema. Nikajibu wodi ilikuwa imejaa.

Haikuwa imejaa, Mama.

Ulifariki kesho yake adhuhuri. Na kuna lililo baya zaidi. Msibani binti yako Kulwa alilia, "Nimemuua mama. Nimemkalisha nyumbani siku nne namkanda mguu kwa maji ya chumvi." Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Nikanyamaza. Nikala na wali wa msiba wenu.

Nimenyamaza miezi saba. Juzi nikakutana naye sokoni, amekonda, nguo zinamning'inia. Akanishika mikono yote miwili: "Asante, dada, kwa kumhudumia mama."

Jumapili nikaenda kwake Cheyo. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, hata ule uongo wa wodi. Ungo ukatulia mapajani mwake. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo nilipomleta alikuwa bado ana nafasi?"

Nikasema, "Alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeipoteza."

Akasema, "Toka."

Nimeshafika barabarani, nikasikia ananiita. Alikuwa amesimama mlangoni, analia kwa sauti, kama mtu aliyekuwa amebanwa kifua muda mrefu. "Msamaha wa mama usiuombe kwangu," akasema. "Mwandikie mwenyewe."

Ndiyo maana nakuandikia. Jana nimesimama pia mbele ya wenzangu wodini, nikaeleza nilivyokuhudumia. Wengine waliinamisha macho. Mmoja alinifuata baadaye, akaninong'oneza kwamba naye huwa anasubiri homa kabla ya kumwita daktari.

Siombi unisamehe haraka. Nakuahidi hili: nikikosea tena, nitasema siku hiyohiyo, na hakuna mtoto wa mgonjwa atakayekwenda kuzika akiwa amebeba kosa langu.

Pumzika, mwalimu wangu. Kulwa nitaendelea kumjulia hali, hata akinifukuza.

Mimi mwanafunzi wako,
Mwaju