Majani Niliyoyamwaga Kidimbwini

Soga, Kibaha

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Huko kijijini Masaki korosho zimeanza kudondoka? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ya Mama Mdogo siwezi kusema, anakaa pembeni anasikiliza.

Sukuma wiki yake imeharibika. Ilianza na madoa ya kahawia, mviringo ndani ya mviringo, pembeni njano. Baadaye katikati pakadondoka, jani likabaki matundu. Bwana shamba akasema si wadudu, ni fangasi, wanasafiri na maji. Tuchume majani yote yenye madoa, tuyachome.

Nikapewa mimi. Mama, kinyaa! Ya chini yameoza, yanateleza kama makamasi, yananuka kabichi iliyovunda. Nikajaza ndoo kwa ncha za vidole, nikashindwa. Nikayamwaga kidimbwini, palepale tunapochota maji ya kumwagilia. Nikasema nimechoma. Na fangasi shuleni tumewasoma, kwa Kiingereza, nikafaulu!

Haukupita muda, madoa yakaenea matuta yote. Mama Mdogo akamgeukia jirani yetu Bi Mwajuma, aliyempa mbegu. "Kanipa mbegu na husuda yake!" Salamu zake akawa haitikii. Bi Mwajuma anapita, "Jamani, mmeamkaje?" Mama Mdogo anampa mgongo. Mimi nimeinama namwagilia, maji yananuka, najua kila kitu. Nikajiona nanuka kuliko yale majani.

Juzi nikasema ukweli wote, wote wawili wakiwepo. Mama Mdogo akashika kiuno: "Kumbe mchawi ninaye ndani, na ugali wangu anakula!" Bi Mwajuma akacheka mpaka akakaa chini. Mama Mdogo hakucheka.

Majani nimeyaopoa kwa mikono, nikatapika, nikayaanika mbali na shamba, nikayachoma. Sukuma wiki yote tumeing'oa, tutapanda bamia. Maji sasa tutachota kisimani kwa Bi Mwajuma, tutamwagilia asubuhi, kwenye shina tu.

Jana Bi Mwajuma akaleta mbegu za bamia. Mama Mdogo akanyoosha mkono; akampita, akaniwekea mimi kiganjani. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni mara nne, bado nanuka. Nikazipokea hivyo hivyo.

Nisalimie bibi, na mdogo wangu Shabani, asiisome barua hii. Mama Mdogo akikupigia kunishtaki, mwache amalize. Yote ni kweli.

Mwanao,
Zuhura