Mzee Anakataa Uji Wangu

Kupitia duka la Nzomo,
Kawangware,
Nairobi.
Juni 14, 1979

Mpendwa Shangazi Nabwire,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za watoto. Goti lako linaendeleaje? Nanyama aliniandikia kwamba sasa unafika kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Na maharagwe, mliwahi kuyang'oa kabla mvua haijayaozesha? Sisi hapa ni wazima, isipokuwa ndugu yako, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Unisamehe kwa kutumia Kiswahili. Kibukusu cha mdomo nimekizoea tangu niolewe kwenu, lakini kukiandika bado kunatushinda sisi watu wa Maragoli.

Barua hii usimpe mtu akusomee. Vaa miwani uisome peke yako.

Unajua Mzee aliletwa kwetu Januari, baada ya upande wake wa kulia kufa na hospitali kusema twende naye nyumbani. Wakati huo tulikuwa bado Gatwekera, kule Kibera, chumba kimoja na pazia. Wangila hakukubali baba yake alale chumba kimoja nami, mke wa mwanawe, hata siku moja. Mzee akalala kwa jirani yetu Omolo mpaka tukapata hapa Kawangware vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake. Niliipenda sana hii nyumba. Nilisema sasa kila mtu atakaa na heshima yake.

Wangila alikuwa akimwosha na kumbadilishia shuka kabla ya kwenda kazini. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika. Naingia nimeangalia chini, naweka uji kwenye kistuli karibu na mkono wake mzima, natoka. Asubuhi tulisalimiana kupitia ukutani. "Mama, umeamka?" "Nimeamka, Baba." Tulikuwa sawa kabisa.

Aprili mwenye kandarasi aliyemwajiri Wangila aliwapeleka mafundi Isiolo, naye akiwa mmoja wao. Omolo akajitolea, akawa anatembea kutoka Gatwekera kila asubuhi kuja kumwosha Mzee. Sitausahau wema wake. Lakini wiki tatu zilizopita alifiwa na mama yake, akaenda Siaya, na mpaka leo hajarudi. Niliwaomba wanaume wapangaji wa hii ploti. Mmoja alikuja mara mbili, halafu akaanza kutoka kabla hatujaamka ili nisimpate. Mwingine aliniambia wazi kwamba hawezi kumwosha mtu ambaye si baba yake. Jirani yangu Seline alisema yuko tayari kumwosha yeye, Mzee akakataa kuoshwa na mwanamke.

Hapo ndipo alipoacha kula, nami sikujua. Bakuli lilikuwa linarudi tupu. Nilichoona tu ni kuku wa Seline kujazana nyuma ya chumba cha Mzee kila asubuhi, nikadhani kuna mchwa. Siku moja nikazunguka huko, nikakuta uji unatiririka chini ya ukuta wa mabati. Mzee alikuwa anaumwaga kwa ule mkono wake mmoja.

Nilisimama nje ya mlango nikamuuliza, "Baba, uji wangu una nini?"

"Uji ni mzuri, mama. Lakini nikila nitachafuka, na hapa hakuna mwanamume wa kunishika. Nitamngoja Wangila."

Tangu hapo alikuwa akila vijiko viwili vitatu tu kwa siku. Nimemtumia Wangila ujumbe mara mbili kwa dereva wa lori la mawe. Sijapata jibu.

Sasa nikuambie la Jumatatu. Mchana nilisikia kishindo. Nilipofungua mlango, Mzee alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, amejichafua, na damu kidogo kwenye kipaji cha uso. Nilikimbia mlango kwa mlango. Wanaume wote walikuwa kazini, na Seline alikuwa sokoni. Niliporudi alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikachukua karai na sabuni, nikaingia.

Alijifunika uso kwa kofia yake. Nilimwosha mwili mzima, Shangazi, sikuacha mahali. Nikamvika shati la Wangila. Kumwinua mpaka kitandani kulinishinda, basi nikashusha godoro nikamlaza chini. Nilipotoka niliosha mikono mara tatu, kisha nikaona aibu, kwa sababu maji yalikuwa yanasikika mpaka kwake.

Jumanne nilipeleka uji kama kawaida. Akageukia ukuta. "Usinipikie tena, mama. Yule uliyemwosha ni maiti."

Leo ni siku ya nne hajala kitu. Nalia nikifua nguo, ili watoto wadhani ni sabuni. Mzee akifia hapa, nitamwambia nini Wangila? Nani atakayeamini kwamba nilikuwa napika? Jana asubuhi nilifunga nguo za watoto kwenye leso, nikasema narudi kwetu. Nilifika kwa Nzomo, nikasimama pale nimeshika mtoto huku na mtoto huku. Halafu nikakumbuka kwamba nimemfungia Mzee mlango kwa nje. Nikarudi.

Alasiri nilikaa kwenye kizingiti chake, nikampa mgongo. Nikamwambia, "Baba, nimekukosea. Lakini ningekuacha vile?"

Nilikaa mpaka jua likanitoka miguuni. Ndipo akauliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

Akaomba maji. Alikunywa kikombe kizima. Chakula akakataa.

Sasa unaona nilivyobanwa. Jana nimemwambia hakuna anayejua, na leo nakuandikia. Akigundua, hata maji atayakataa. Nikinyamaza, atanifia mikononi. Siwezi tena, Shangazi. Nimefika mwisho wa nguvu zangu.

Wewe ni dada yake mkubwa, ulimbeba mgongoni akiwa mtoto. Wewe hatakufukuza. Njoo, na kama inawezekana uje na Khamala, maana yeye ni mwanamume na anaweza kumwosha mjomba wake. Ukipata hii barua usingoje Jumapili ipite. Mkishuka Nairobi ulizeni gari la Kawangware, mshuke kwa Nzomo, hapo wananijua.

Ukifika, sema umekuja kumwona mgonjwa, basi. Usiulize kidonda cha kichwani kimetoka wapi. Usiulize kwa nini amevaa shati la mwanawe. Na kama atakuambia mwenyewe, nakuomba sana, shangaa.

Nisalimie Nanyama na watoto wake, na Khamala, na mama Nekesa wa kwaya. Waambie tu kwamba Mzee ni mgonjwa. Mungu akulinde njiani na akufikishe Mzee akiwa bado na pumzi.

Ni mimi mke wa mwanao, nikupendaye na kukungoja,

Lenah