Majina ya Utani Yaliyonichelewesha Kuja

Garissa,
Jumapili mchana.

Mpendwa mama yangu, Mayi,

Barua hii ikukute umekaa kivulini umepumzika, ingawa najua haitakukuta hivyo. Hujambo? Magoti yanasemaje na mvua za huko Kimilili? Mimi ni mzima. Joto la huku halijaniua, limeninyang'anya usingizi tu. Najua dada yangu Nekesa ndiye anayekusomea. Nekesa, soma yote, usiruke mahali unapotajwa.

Nimesikia umeahirisha tena operesheni ya mtoto wa jicho. Umemwambia daktari kwamba hulali kwenye kile kitanda mpaka mwanao wa kwanza awe amesimama hapo karibu. Nami nilikuwa nimekuahidi kuja. Kwenye simu ulisema "sawa", ile sawa yako ambayo si sawa, ukakata kabla sijaeleza. Ndiyo maana naandika.

Kazi yangu unaijua juu juu. Shirika letu linatunza rekodi za chanjo za watoto katika vituo vya huku: Ifo, Liboi, Kotile na kwingineko. Kila kituo kina kompyuta yake, na kila jioni seva kubwa ya hapa Garissa inachukua nakala ya kila moja, ili moja ikiharibika tusipoteze watoto wa watu. Mimi ndiye mwangalizi wa nakala hizo. Nina ukurasa mmoja kwenye skrini unaonionyesha kompyuta ipi imechukuliwa nakala na ipi bado.

Mwezi uliopita wataalamu walikuja kutoka Nairobi wakabadilisha mtandao wote. Kila kompyuta ikapewa anwani mpya, mtambo wa zamani ukazimwa, wakala nyama ya ngamia wakaondoka. Tangu siku hiyo ukurasa wangu ukawa mzito ajabu. Nabonyeza, naenda kunywa chai, narudi, bado unazunguka. Ukifunguka nikabonyeza mahali pengine, unaanza upya. Mkubwa wetu, Bwana Abdullahi, ni mtu mzuri lakini msimamo wake ni mmoja.

"Likizo nitaweka sahihi bakabu ikiwa sawa," aliniambia, akimaanisha hizo nakala. "Sasa hiyo iko sawa?"

Haikuwa sawa. Nililaumu joto, nikapangusa vumbi, nikaizima seva na kuiwasha mpaka nikachoka. Wataalamu wa Nairobi walisema mtandao wao unakimbia vizuri, tatizo ni programu. Wenye programu wakasema tatizo ni mtandao. Nikaupima mtandao mwenyewe, na kweli ulikuwa unakimbia, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Halafu akaja Halima, muuguzi wa kituo chetu cha Ifo, akileta kompyuta iliyovunjika kioo. Nilikuwa dirishani nikamsikia akizungumza na Adan, askari wetu wa getini.

"Namtaka Bwana Wekesa."

"Wekesa? Hakuna mtu ya hiyo jina hapa, walaal, ndugu yangu."

"Yule wa kompyuta. Mtu ya Bungoma."

"Aah, Ugali! Si ungesema. Huyo iko ndani, pita tu."

Mayi, huyu Adan tunasalimiana kila asubuhi tangu nifike huku, na hajui jina ulilonipa. Kwa Wasomali karibu kila mtu ana jina la utani, na likishashika limeshika. Mrefu ni Dheere, mfupi ni Gaab, na mimi, kwa kuulizia ugali mahali ambapo watu wanakula wali na pasta, nikawa Ugali. Hawakusudii ubaya. Nilicheka peke yangu pale dirishani, halafu nikaacha kucheka.

Aliyefanya kazi hii kabla yangu alikuwa mwenyeji, na kompyuta aliziita vivyo hivyo. Ya Liboi, yenye mlingoti mrefu wa mawasiliano, aliiita Dheere. Ya Kotile ni Gaab. Majina hayo yalikuwa yamehifadhiwa kwenye ule mtambo uliozimwa, na wataalamu wa Nairobi waliandikisha yale ya kiofisi tu. Kwa hivyo ukurasa wangu, ambao bado unazijua kwa majina ya utani tu, kabla ya kufunguka ulikuwa unauliza Dheere yuko wapi, na hakuna anayemjua. Unangoja mpaka unakata tamaa, kisha unamuuliza Gaab, unangoja tena, hivyo hivyo kwa kompyuta zote. Nikakaa nikaupa mtandao mpya kila jina la utani pamoja na anwani yake ya sasa. Kabla Halima hajamaliza soda yake, ukurasa ulifunguka papo hapo. Bwana Abdullahi aliweka sahihi siku hiyo hiyo.

Ningekuwa njiani sasa. Lakini ukurasa ulipofunguka vizuri ndipo nilipoona kwamba kompyuta ya Liboi haijachukuliwa nakala hata moja tangu mtandao ubadilishwe, na diski yake imeanza kufa. Nimejaribu kuichukua nakala nikiwa hapa, imekataa. Lazima mtu aiguse kwa mkono, na Liboi huendi unapotaka, unangoja msafara wenye askari, kwenda na kurudi. Watoto wote waliochanjwa hapo katikati wamo ndani ya mashine hiyo peke yake. Wengi ni wa wafugaji, wakishahama na mifugo huwapati tena kuwauliza mtoto alidungwa nini.

"Likizo yako iko, walaal," Bwana Abdullahi aliniambia. "Liboi sikulazimishi."

Nimechagua Liboi, Mayi, na sina raha. Nilitamani sana kuja. Juzi nililia kidogo. Nekesa, usimsomee hapo. Au msomee tu.

Nimekuwaza sana mbele ya ile skrini. Kila kitu kilikuwa tayari, na bado ilikataa kufunguka kwa sababu ilikuwa inamngoja asiyeitika. Wewe una daktari, una kitanda, una Nekesa wa kukushika mkono, na mkono wake ni mwororo kuliko wangu. Usiningoje. Nenda wiki hii. Daktari alisema jicho la pili linalifuata la kwanza, na mimi sijui msafara utaondoka lini.

Nisalimie mjomba Wafula mwenye kinu, shangazi Nasimiyu wa kwaya, na Mama Rael jirani anayekuchotea maji. Mungu amlipe.

Mara ya mwisho nilipokuja ulinishika uso kwa mikono miwili, ukaupapasa, ukauliza, "Huyu ni nani?" Nilidhani unanitania. Safari hii nataka unione nikiwa bado barabarani, uanze kunigombeza kwamba nimekonda kabla sijakufikia.

Mwanao,
Wekesa