Jiwe Lililoanguka Kwenye Baiskeli

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza, na naahidi kuandika kila kitu, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu wa ufundi alisema ajali nyingi huanzia kwa mtu aliyeona jambo akanyamaza. Kwa hiyo sitanyamaza. Angalau humu.

Somo letu la kwanza la karakana. Mwalimu aliingia, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akatandaza vidole. Kumi. "Hiki ndicho cheti changu," alisema. "Vile vingine viko ofisini." Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka.

Tumefundishwa grainda ya mezani – ile mashine ya umeme yenye jiwe la duara linalozunguka na kunoa chuma. Nywele zifungwe. Bangili, mtandio, tai ya shule, vyote vivuliwe. Miwani lazima. Na glavu marufuku! Mimi ningezivaa mbili mbili. Lakini Mwalimu alieleza: jiwe likikamata ncha ya glavu haliachi, na mkono hauwezi kubaki nyuma wakati glavu yake imeshaondoka.

Nilirudi nyumbani haraka, maana karakana ya Mjomba iko nyuma ya nyumba yetu na grainda yake naijua tangu natambaa. Anaiita Simba. Nilimkuta ananoa patasi, cheche zinaruka, amefumba jicho moja. Miwani yake ilikuwa ukutani, kwenye msumari, haina hata mkwaruzo. Imetunzwa kuliko macho yake.

Nikamuuliza mbona anafumba jicho moja.

"Cheche ikiingia kwenye lile, libaki hili," alisema.

Nimelitafakari jibu hilo mpaka sasa. Kinachonitisha ni kwamba lina hesabu yake.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nianze kuandika. Nikifaulu mtihani wa vitendo, nitanoa patasi kwa Simba. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Hajawahi kumruhusu mtu. Hata Mama, dada yake wa tumbo moja, huruhusiwa kufagia tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetolewa nje ya darasa la hesabu kwa kupiga kelele. Nilikuwa najibu swali. Mwalimu wa hesabu alisema jibu ni sahihi, ila lingetosha kusikika humu ndani tu. Wenzangu husema naongea kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ajabu, nyumbani hakuna anayeniambia hivyo. Nyumbani sote tunaongea hivi.

Jioni Mama alikuwa anasaga nyanya kwa blenda. Nikamwomba kwa heshima afunge nywele, avue bangili na asimame ubavuni mwa mashine, si mbele yake. Akaniuliza ni lini nyanya ilimng'oa mtu jino. Akawasha huku ananitazama mimi. Kifuniko hakikuwa kimekaa.

Ukuta tumeufuta pamoja, bila maneno. Bibi, mama yao Mama na Mjomba, alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Tangu hapo Mjomba ananiita Inspekta.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzuri. Niandike taratibu nisiiharibu.

Mwalimu alileta mawe mawili ya grainda, mapya yote, yanafanana kama mapacha. Akasema moja litafanya kazi mwaka mzima na jingine linaweza kukuua leo. Akapitisha kidole kwenye tundu la jiwe la kwanza, likaning'inia, akaligonga kidogo kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Likalia! Sauti nyembamba, safi, ya kengele. Akaning'iniza la pili, akaligonga. Ndu. Kama kugonga boga.

Hilo la pili lina ufa usioonekana kwa macho. Ukilifunga kwenye mashine na kuwasha, linapasuka likiwa kwenye mwendo, na vipande havichagui pa kwenda. Kwa hiyo jiwe hugongwa kabla ya kufungwa, kila mara. Na jiwe likishaanguka hata mara moja, usilipe heshima ya zamani.

Alitugeuza tukatazama ukutani, akagonga mawe nyuma yetu, tukawa tunataja: zima, bovu, bovu, zima. Mimi sikukosea hata moja. Mwalimu akasema nina masikio ya fundi.

Nilitaka kumwambia ni ya kurithi. Mjomba wangu anajulikana kwa sikio lake. Watu humletea pampu, feni, hata pikipiki. Yeye huinamisha kichwa, husikiliza, halafu hutamka ugonjwa. Siku hizi hutamka "beringi" karibu kila mara. Na kweli, karibu kila mara huwa ni beringi.

Jumamosi, 8 Machi

Jiwe la Simba limelika mpaka limekuwa kama kisahani cha kikombe, kwa hiyo asubuhi Mjomba alienda kununua jipya. Amerudi nalo kwenye kerieri ya baiskeli, limefungwa kwa mpira, upande mmoja una vumbi la barabarani.

Bibi akauliza hilo vumbi ni la nini.

"Lilishuka kidogo pale kwenye mtaro," Mjomba akasema.

"Lilishuka au lilianguka?"

"Mama, lilianguka kwa ubavu. Halikuumia."

Nikaomba tuligonge. Nikaeleza yote: kidole, tundu, mpini wa mbao. Mjomba alifurahi sana, akasema kumbe shule inafundisha kitu. Akaliinua mwenyewe, akainamisha kichwa kama anavyofanya mbele ya wateja, akagonga.

Ndu.

"Kengele," alisema Mjomba.

Nilidhani ananitania. Akagonga tena. Ndu. Akatabasamu, macho ameyafumba. "Umesikia, Inspekta? Kengele tupu. Jumanne nalifunga, mwenye bucha analeta visu vyake."

Hakuwa anatania. Namjua akitania, pua humcheza. Alikuwa na uso wa mtu anayesikia kabisa. Nadhani alisikia kile ambacho jiwe lilipaswa kusema.

Nilisema kwa sauti kwamba mimi nimesikia boga. Akacheka, akasema masikio mapya yanahitaji kuzoea kazi. Jiwe akaliweka rafuni. Mimi nikaingia ndani nikashindwa kula.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya uchunguzi. Sijivunii.

Nilisimama nyuma ya Mjomba akifunga kamba za viatu, nikasema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitaka mwalimu wa hesabu: "Mjomba, nyoka." Akaendelea kufunga kamba. Nikaangusha kijiko. Akahamia kiatu cha pili.

Halafu nikakaa sebuleni nikaisikiliza nyumba yetu kama mgeni. Redio ya Mjomba huamsha kuku wa jirani. Mama akitaka chumvi, huiita kama mtoto aliyepotea. Sisi sote tunapiga kelele, na hakuna anayejua tulianza lini.

Nikamfuata Bibi jikoni, nikamuuliza kwa kunong'ona habari ya masikio ya Mjomba. Aliendelea kuchambua mchele.

"Mwanangu anadhani dunia imeanza kunong'ona," alisema.

Kumbe anajua! Na Mama anajua. Nikauliza mbona hawajamwambia. Bibi akasema: "Umwambieje? Ukimwambia polepole, hasikii. Ukimwambia kwa sauti, umeutangazia mtaa mzima. Na mtaa mzima ndio wateja wake. Nani atamletea pampu fundi asiyesikia?"

Akaongeza kwamba wamekuwa wakisubiri siku nzuri. Nikauliza wamesubiri tangu lini. Akasema mimi nilikuwa bado sijaota meno.

Nikamweleza habari ya jiwe. Bibi akaacha mchele.

Jumatatu, 10 Machi

Nilibaki baada ya kipindi nikamuuliza Mwalimu, kwa mfano tu, mtu fulani, mahali fulani. Hakuuliza ni nani. Alisema kelele za grainda hazichukui sikio lote kwa siku moja. Huchota kijiko kimoja kimoja, na mwenye sikio ndiye wa mwisho kuona chungu kimepungua. Ndiyo maana yeye huvaa vifuniko vya masikio, vile vinavyofanana na vya rubani. Kuhusu jiwe alisema jambo moja: jiwe bovu halijui mjomba wala shangazi.

Nadhani alielewa kwamba si mfano.

Jioni Mama alijaribu. Alifika mpaka mlangoni pa karakana. Mjomba akazima Simba akauliza anasemaje. Mama akasema chakula tayari. Hakikuwa tayari hata kidogo. Ikabidi tukipike mbio.

Nimelifikiria lile jiwe rafuni. Ningeweza kulivunja. Lakini angenunua jingine, angeligonga, na angesikia kengele. Bovu si jiwe peke yake.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia stoo, juu ya gunia la mkaa. Komeo nimelifunga kwa ndani. Jiwe liko mapajani.

Ilikuwa hivi. Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja karakanani. Mwenye bucha alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha wateja na beseni la visu miguuni. Mjomba alikuwa amechomoa plagi (hilo nampongeza), amelitoa jiwe la zamani, nati ameibana kwa meno. Nikamwomba jiwe jipya nilifute vumbi. Akanipa.

Nikaondoka nalo. Sikukimbia, kwa sababu karakanani hakukimbiwi. Nilitembea kwa haraka mpaka stoo, na bisibisi nikaichukua njiani.

Sasa Mjomba yuko nje ya mlango.

"Inspekta, toa jiwe la watu!"

Nikapaza sauti kwamba lina ufa.

"Ufa uko wapi? Nimeligonga mwenyewe!"

"Fundi," akasema mwenye bucha, "kwani huyu ni nani wako? Maana mimi nina nyama inaningoja."

"Ni mpwa wangu. Shule imemzidi." Kisha akanirushia methali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitaka kumjibu. Lakini nilipofungua mdomo nikaona methali ile haisemi lolote kuhusu mkuu asiyesikia, nikaufunga.

Ndipo nikaelewa alichosema Bibi jikoni. Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Ili limfikie Mjomba lazima nilipige kelele, na likishapita mlangoni litapita kwanza kwa mwenye bucha, na bucha yake iko njia panda ya mtaa mzima.

Kwa hiyo nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Nimeandika: "Mjomba, hili jiwe halilii. Mimi nalisikia. Wewe unalisikia kwa mkono wako, kwa sababu unaligonga mwenyewe." Nikausukuma chini ya mlango, nikamwita Bibi ampe. Bibi alikuwa karibu sana. Nadhani alikuwa amekaa kabisa.

Karatasi ikarudi. Mwandiko wa Mjomba, nukta zimetoboa karatasi: "Nilisikiliza mashine kabla mama yako hajaolewa. Fungua. Usipofungua, patasi usahau."

Nimeisoma mara nyingi. Patasi! Nimeiota kila usiku wiki hii, mpaka rangi ya cheche zake. Nikashika komeo. Lilikuwa la baridi. Niandike ukweli, maana niliahidi: nililivuta hadi nusu.

Halafu nikamwona akilini amesimama mbele ya Simba, jicho moja amelifumba, amejiamini kabisa. Nikalirudisha.

"Kwani wanaandikiana nini?" aliuliza mwenye bucha.

"Mambo ya shule," akasema Bibi.

Nimefanya hivi. Nimepitisha kidole kwenye tundu, nimeliacha jiwe lining'inie karibu kabisa na mbao za mlango, nimeligonga kwa mpini kama tulivyofundishwa. Si kwa nguvu. Kama Mwalimu. Nikasubiri kidogo, nikagonga tena. Mwenye bucha akasema, "Ala, hilo ni bov—" na hakumalizia. Nilisikia kiti chake kikisogea na sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Bibi huvaa viatu vizito.

Naona kivuli cha ndara za Mjomba chini ya mlango. Hazijasogea.

Nimesukuma karatasi ya pili. Penseli nimeiviringisha pamoja nayo, hii naandikia kalamu. Naandika hapa nilichoandika huko, kwa kuwa niliahidi kila kitu:

"Mjomba, nimetoka kuligonga jiwe sasa hivi, hapa hapa nyuma ya mlango. Sitamwambia mtu, na kesho nitakuletea vifuniko vya masikio, Mwalimu ataniazima. Patasi nitasubiri. Usimuulize Bibi, usimtazame mwenye bucha. Nijibu kwa karatasi hii hii, wewe mwenyewe: nimegonga mara ngapi?"